Kabla hujaokota kisukuku, andika tabaka lake

Wanafunzi wapya wa jiolojia huniuliza swali lile lile, mara nyingi tukiwa kwenye basi kuelekea Hoima: "Mwalimu, Uganda haina bahari. Haya makombe ya baharini tunayasomea nini?" Huwa nawajibu kwamba kalenda ya miamba iliandikwa baharini, na sisi wa bara tunaisoma kutoka huko. Vipindi mnavyokariri darasani, Kambria, Devoni, Jurasiki, mipaka yake mingi imewekwa kwenye mashapo ya bahari. Asiyejua ilivyowekwa atatumia tarehe za wenzake bila kujua zinabeba uzito gani.

Sababu ya bahari kupewa kazi hiyo inaeleweka. Mnyama wa nchi kavu akifa, fisi humtawanya na jua humaliza mifupa. Mwenye gamba akifa majini huzama kwenye tope, tope likamfunika, juu yake likaja tope jingine. Isitoshe, bahari zimeungana. Kiumbe anayeelea hufika mbali, kwa hiyo aina moja yaweza kupatikana kwenye pwani zilizotengana kwa maelfu ya kilomita. Amonaiti, jamaa wa ngisi na pweza waliokuwa na gamba la kujiviringa, ndio mfano ninaoupenda. Walikuwa wengi, walisambaa, na aina zao zilibadilika upesi kiasi kwamba kanda nyingi za amonaiti za Jurasiki, yaani vipande vya wakati vinavyotambuliwa kwa aina fulani, hazifiki hata miaka milioni moja. Walitoweka takribani miaka milioni 66 iliyopita. William Smith, mpimaji aliyefanya kazi kwenye mifereji ya Uingereza, aliona kwamba visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyohifadhiwa ndani ya miamba, hufuatana kwa mpangilio ule ule kila anapokwenda, na mwaka 1815 akachapisha ramani ya miamba iliyojengwa juu ya jambo hilo. Wakati huo hakuna aliyeweza kupima umri wa jiwe kwa miaka. Mpangilio ulitangulia, namba zikaja baadaye.

Ukipata nafasi ya kwenda Mombasa kwa barabara, usilale ukikaribia Mazeras. Kuanzia hapo kushuka baharini unapita kutoka miamba ya zamani hadi mipya. Mchanga uliogandamana wa Mazeras, wenye vipande vya miti iliyogeuka jiwe, uliwekwa na mito kabla bahari haijaingia. Kisha kuna chokaa ya Kambe, yenye matumbawe, ya Jurasiki ya kati. Mbele yake ni miamba ya udongo ya Miritini na Changamwe, ambako amonaiti hupatikana. Mwisho ni kisiwa chenyewe, na mwamba wa matumbawe ambao Fort Jesus imesimama juu yake, wa takribani miaka 125,000 tu. Matumbawe na makombe ya mwamba huo karibu yote bado yanaishi baharini leo, kwa hiyo aina zake hazikusaidii kuupa umri. Hapo hupimwa urani iliyomo kwenye matumbawe. Safari moja inakuonyesha kisukuku kinapofaa kutoa tarehe na kisipofaa.

Kwenye ule udongo wa Jurasiki tafuta mawe magumu ya mviringo yaliyojificha ndani ya tabaka laini. Ukiligonga jiwe ukingoni, siyo katikati, huweza kupasuka likakuonyesha gamba ndani. Chukua lenzi. Angalia mbavu: je, zimenyooka hadi ukingo wa nje, au zinagawanyika mbili njiani? Angalia mistari iliyojikunja pale kuta za vyumba vya ndani zilipokutana na gamba. Kwa alama hizo utajua ni aina gani, na aina ndiyo itakayokuambia wakati. "Nimeona amonaiti" peke yake inakuacha ndani ya mamia ya mamilioni ya miaka.

Ila kabla ya nyundo kuna daftari, na kwa hili mimi sina mzaha na mwanafunzi yeyote. Kisukuku kilichotolewa mahali pake bila maandishi ni pambo la mezani. Tafuta tabaka linalotambulika kirahisi, la majivu, la chokaa au la kokoto, kisha upime kwa utepe kutoka hapo kwenda juu au chini hadi kilipo kisukuku. Piga picha kikiwa bado ukutani, kalamu ikiwa pembeni kuonyesha ukubwa. Chora mshale kwenye jiwe lenyewe kuonyesha upande uliokuwa juu. Namba ya daftarini iwe ile ile ya kwenye mfuko. Kile ulichokiokota chini ya ukuta, kimeanguka, andika hivyo waziwazi na usikichanganye na kilichokuwa ndani ya tabaka. Hata kiwe kizuri namna gani, hujui kilitoka kimo gani.

Jambo la pili ni kutotegemea kiumbe mmoja. Tuseme aina ya kwanza ilianza mapema katika Jurasiki ikaishia katikati, na aina ya pili ilianza katikati ikaendelea mpaka mwishoni. Ukizipata zote mbili ndani ya tabaka moja, tabaka hilo ni la katikati, pale maisha yao yalipopishana. Kadiri unavyoongeza aina, dirisha linazidi kuwa jembamba. Kuna viumbe wasiosaidia hata ukiwapata kwa ndoo. Lingula, mwenye magamba mawili membamba kama ukucha, amebaki na umbo linalofanana sana kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Atakuambia kuhusu tope alilojichimbia, kuhusu wakati hatakuambia kitu.

Tatu, jihadhari na visukuku vilivyohama. Mto au mawimbi yaweza kuchimbua gamba kutoka mwamba wa kale na kulizika upya kwenye mashapo machanga. Dalili zipo: kingo zimesuguliwa zikawa laini, na jiwe lililojaza ndani ya gamba halifanani na jiwe linalolizunguka. Ukikuta mchanganyiko wa namna hiyo, tabaka haliwezi kuwa la kale kuliko kisukuku chake kichanga zaidi. Wa kale ni abiria tu.

Tena kiumbe wa bahari hathibitishi kwamba palikuwa na bahari. Mwaka 1964 kulipatikana huko Turkana, mamia ya kilomita kutoka Bahari ya Hindi, kisukuku cha nyangumi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulieleza kwamba alipanda mto mkubwa akafia bara, wakati nchi ile ilikuwa bado ya chini. Umri wake, takribani miaka milioni 17, ulitokana na miamba ya volkano. Yeye mwenyewe alitufundisha juu ya kimo cha ardhi.

Sasa turudi nyumbani. Sehemu kubwa ya Uganda imelala juu ya miamba ya kale kuliko mnyama yeyote mwenye gamba, kwa hiyo usipoteze siku ukitafuta kombe kwenye majabali ya Mbarara au Soroti. Vijana wa Tororo nao huniambia wana chokaa, basi lazima kulikuwa na bahari. Hapana. Mwamba wa Tororo ni kabonatiti, chokaa iliyotoka kwenye volkano. Hutoa povu ukiudondoshea asidi kama chokaa yoyote, lakini hakuna kiumbe aliyeujenga.

Visukuku vya magamba tunavyo kando ya Ziwa Albert, kule Kaiso, ambako E. J. Wayland wa idara ya jiolojia ya Entebbe alifanya kazi miaka ya 1920. Ukishuka ukuta wa bonde la ufa unakuta matabaka ya mchanga na udongo, na katikati yake mikanda migumu ya rangi ya kutu iliyojaa konokono na makombe ya maji baridi, pengine pamoja na mifupa ya samaki na mamba. Sheria za daftari ni zile zile za Mombasa. Kinachopungua ni nguvu ya konokono hao, maana konokono aliyezaliwa ndani ya ziwa moja hakutoka nje yake. Anaunganisha vizuri ukuta mmoja na mwingine ndani ya bonde lile, na mbali ya hapo anaishiwa. Ndiyo maana waliokuwa wakitafuta mafuta huko walitegemea sana chavua, ambayo upepo huibeba popote, na ndiyo maana nawahimiza wanafunzi wasipuuze meno ya tembo na nguruwe. Wanyama hao walitembea.

Nguvu ya meno ya nguruwe ilionekana Turkana. Tabaka la majivu ya volkano liitwalo KBS lilipimwa umri kwa potasiamu na argoni, likatoa takribani miaka milioni 2.6. Nguruwe waliokuwa chini yake walifanana na wale wa bonde la Omo, Ethiopia, wa miaka takribani milioni 2, na wataalamu wa visukuku, Basil Cooke akiwamo, hawakukubali kuyapuuza meno hayo. Mabishano yalichukua miaka. Vipimo vipya vya majivu yale yale vikatoa takribani milioni 1.9. Nguruwe wale walisikilizwa kwa sababu moja: kila jino lilijulikana limetoka juu au chini ya tabaka gani.

Kabla ya kwenda Kaiso, omba kibali kupitia Jumba la Makumbusho la Uganda, Kamwokya, na uwaeleze viongozi wa kijiji unachokuja kufanya. Ukiwa Kamwokya omba kuonyeshwa visukuku vya ghalani, na usome vibandiko kabla ya kutazama mifupa.