Sherehe ya mavuno ya watoto mwezi wa 10: sisi tunavyofanya Minnesota

Dada, umeuliza utawaandalia vipi watoto sherehe ya mavuno Oktoba hii, maana kwenu hamsherehekei Halloween (sikukuu ya Oktoba 31, watoto huvaa mavazi ya kutisha na kuomba peremende) na hutaki wanao wabaki wanyonge wenzao wakifurahi. Mimi niko Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, nimeifanya miaka minne mfululizo uani kwangu, watoto 10 hadi 15.

Anza saa 8 mchana, saa 10 wawe wanaondoka. Mwishoni mwa Oktoba jua la huku linazama kama saa 12 jioni, na baridi huanza kuuma mapema kuliko hapo. Wazazi wawavishe masweta na viatu vya kukanyagia tope.

Shughuli ziwe mbili tu. Mwaka wa kwanza niliweka michezo sita, nikashinda nakimbia huku na kule, hata kukaa na watoto sikuwahi. Tangu hapo ni maboga na mahindi, basi.

Maboga, mtu mzima akate vifuniko kabla wageni hawajafika, watoto wapewe vijiko vya kutolea mbegu. Kuna mmoja wa miaka 5 alikikataa kijiko, akakunja sweta, akazamisha mkono mpaka kiwiko. Akautoa na nyuzinyuzi za rangi ya chungwa zinaning'inia vidoleni, anazitazama kimya. Nusu saa nzima hakubanduka pale.

Mbegu zioshe, zikaushe kwa taulo, tia mafuta kidogo na chumvi, oveni nyuzi 325 za huku, yaani Fahrenheit (160 hivi za nyumbani, za Selsiasi), dakika kama 20 huku unazigeuza. Boga kubwa la kuchonga usilipike, limejaa maji. Nunua yale madogo matamu, upike boga la nazi na iliki. Majirani zetu Wamarekani walikula wakaomba tena.

Mahindi makavu ambayo hayajapukuchuliwa yanapatikana maduka ya wakulima, watu huwanunulia kindi. Natandika mkeka, nawafundisha kama bibi alivyonifundisha: toa mstari mmoja kwa kidole gumba, inayobaki inafuata kirahisi. Ila nilikosea kuwaahidi kwamba tutayakaanga yawe bisi. Hayakupasuka, yaliungua tu, na watoto walihuzunika kweli. Bisi zina mahindi yake, yenye ganda gumu linalobana mvuke mpaka punje ipasuke. Sasa naweka pakiti ya bisi tayari, na waliyopukuchua wanawamwagia kindi wenyewe. Walio chini ya miaka 4 wasipewe bisi wala mbegu nzima, zinapalia.

Mapema kabisa waulize wazazi kuhusu mzio, hasa wa karanga. Na kama kuna wageni Waislamu, soma pakiti za peremende: marshmallow (zile peremende laini kama sponji) na peremende nyingi za kutafuna huku zina gelatini ya nguruwe. Mimi naona matufaha yanatosha. Honeycrisp, aina iliyozalishwa hapa hapa Chuo Kikuu cha Minnesota na kutolewa kwa wakulima mwaka 1991, huwa tayari tangu Septemba. Vipande vikamulie ndimu visigeuke rangi.

Kila mtoto aondoke na boga dogo alilolipaka rangi mwenyewe. Lisilokatwa linakaa kibarazani wiki kadhaa. Lililochongwa huoza baada ya siku chache. Ukinitajia umri wa watoto wako nitakwambia ununue mangapi.