Kamera "haijalenga" au "haijafikia fokasi"?

Msomaji wa Kirumba, Mwanza, anawaandalia wanafunzi mwongozo wa kupiga picha za Mwezi kwa darubini ndogo ya lenzi. Anauliza: "Kamera ikishafungwa kwenye darubini na picha ikakataa kuwa wazi, niandike kwamba haijalenga, haijapata fokasi, au haijafikia fokasi? Na je, fokasi ni Kiswahili?"

Tuanze na kulenga, kwa kuwa ndilo linalopotosha zaidi. Mwenye manati hulenga ndege, yaani huelekeza chombo kwenye shabaha. Kwa sababu tumezoea kusoma kwamba mradi fulani "unalenga vijana", baadhi yetu tumedhani neno hilo linafaa pia kwa lenzi, ilhali darubini inaweza kuwa imelenga Mwezi barabara na picha yake ikabaki doa jeupe lisilo na kingo. Hayo ni matendo mawili, na mwanafunzi anayeambiwa "lenga vizuri" atahamisha bomba zima huku kosa likiwa nyuma, kwenye gurudumu dogo la kusogezea. Vivyo hivyo kuvuta: kuvuta ni kukuza picha, si kuifanya iwe wazi.

Fokasi ni mahali ambapo mwanga uliopita kwenye lenzi hukutana. Neno limekopwa, kama lenzi yenyewe, nami sioni sababu ya kulikimbia. Tunasema fokasi ya lenzi, fokasi za lenzi mbili, urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi fokasi yake). Kitenzi kufokasi nacho hakivunji kanuni, maana tuna kujibu na kufikiri visivyoishia na a, ingawa katika maandishi rasmi ningependelea "kurekebisha fokasi".

Kwa tatizo la msomaji wetu, kufikia ndicho kitenzi sahihi, kwa sababu jambo lenyewe ni la umbali. Anayetazama kwa jicho huweka nyuma ya darubini kioo kinachopinda mwanga kwa nyuzi 90, na njia ya mwanga ndani ya kioo hicho humeza sentimita kadhaa. Akikiondoa pamoja na lenzi ya jicho na kuchomeka kamera moja kwa moja, mara nyingi kihisi cha kamera, yaani sehemu yake inayopokea mwanga, hubaki karibu mno na lenzi ya mbele, hata bomba la kusogeza likivutwa mpaka mwisho. Hapo kihisi hakijafikia fokasi, na dawa yake ni kuongeza kipande cha bomba cha kurefushia. Katika darubini ya Newton, inayotumia kioo badala ya lenzi, kamera mara nyingi hukwama kinyume chake: bomba halisogei ndani vya kutosha, na kihisi kimeipita fokasi. "Haijapata fokasi" si kosa, ila haimwambii mwanafunzi asogeze upande gani.

Nimeandika kihisi, si sensa. Sensa kwa Mtanzania ni ile ya watu, kama ya mwaka 2022.

Mwongozo ungeweza kusema hivi: "Mchana, elekeza darubini kwenye jiwe lililo mbali ziwani, rekebisha fokasi hadi kingo zake zionekane dhahiri, kisha usiku lenga Mwezi na urekebishe tena kidogo." Kidogo kweli: kwa lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 400, tofauti kati ya jiwe lililo umbali wa kilomita 1 na Mwezi ni takribani milimita 0.16 tu.

Sikuandika "mpaka picha iwe kali", kwa kuwa mtaani picha kali ni picha ya kusifiwa. Aidha, usiite picha isiyo wazi kuwa "ina ukungu". Kando ya ziwa, usiku wenye unyevu, umande hutua kweli juu ya lenzi, na huo hufutika kwa kupashwa joto taratibu, wala si kwa kuzungusha gurudumu.