Jiwe la Raskazone lenye densiti ya 0.26? Usiipeleke hiyo kwa mwalimu

Simama hapo hapo, mdogo wangu, usiinakili hiyo hesabu kwenye daftari safi. Umesema jiwe uliloliokota Raskazone, hapa Tanga, lina tungamo ya gramu 65, umelitumbukiza kwenye silinda ya kupimia, maji yakapanda kutoka mililita 40 hadi 65, na jibu lako la densiti, yaani tungamo kugawanya kwa ujazo, ni 0.26 kg/m³. Halafu ukauliza kwa nini mafuta ya nazi yanakaa juu ya maji, na barafu nayo mbona inaelea wakati ni maji yale yale. Mafuta yasubiri kidogo, barafu tuiache siku nyingine. Hiyo 0.26 naijua ilikotoka, na ada yake nimeshailipa, tena kwa kalamu nyekundu.

Hewa unayovuta sasa hivi ina densiti ya karibu 1.2 kg/m³. Kwa jibu lako, jiwe ni jepesi kuliko hewa zaidi ya mara nne. Ungelifumbulia kiganja tu lingekupita kichwani likaelekea Usambara, na sisi tungekuwa tunalitafuta kwa darubini. Lakini wewe mwenyewe umeandika lilizama.

Mizani haina kosa, silinda haina kosa. Gramu 65 umezigeuza kuwa kilo 0.065, hapo sawa. Kilichokuponza ni ujazo: umechukua zile mililita 25 zilizopanda, yaani cm³ 25, ukagawanya kwa 100, ukaandika 0.25 m³. Unajua robo ya mita ya ujazo ni kiasi gani? Ni lita 250. Pipa la kawaida la mafuta ni lita 200 hivi. Kwa hiyo jiwe lililoingia kwenye silinda ya mililita 100 umelipa ukubwa wa pipa zima na ziada, na hukushtuka, kwa sababu ulikuwa unatazama namba tupu.

Hiyo 100 ni ya urefu. Mita moja ina sentimita 100, hakuna anayebisha. Mita ya ujazo ina urefu, upana na kimo, na kila upande una sentimita zake 100, kwa hiyo ndani mna 100 × 100 × 100, yaani cm³ 1,000,000. Milioni moja. Ile tatu ndogo juu ya cm inaigusa na mia pia. Sasa iandike hivi:

25 cm³ ÷ 1,000,000 cm³ kwa kila m³ = 0.000025 m³
0.065 kg ÷ 0.000025 m³ = 2,600 kg/m³

Ukiona sufuri zinakuchanganya, usibadili chochote mwanzoni. Gawanya gramu kwa cm³: 65 g ÷ 25 cm³ = 2.6 g/cm³. Kisha zidisha kwa 1,000 upate kg/m³. Elfu hiyo haikutoka mbinguni: gramu ni kilo 0.001, cm³ ni m³ 0.000001, gawa ya kwanza kwa ya pili. Ndiyo maana maji ni 1 g/cm³ na pia 1,000 kg/m³. Na 2.6 inaingia akilini, maana mawe ya chokaa yaliyoshikana, yaliyojaa huku kwetu mpaka mapango ya Amboni, hukaribia 2.7.

Sasa niwaseme wenye vijitabu vya tuisheni. Wanachapa jedwali, "sentimita kwenda mita, gawanya kwa 100", hawasemi ni ya urefu tu, wanakula hela ya mtoto wa watu. Chini yake wanachora ile pembetatu yenye herufi tatu, za tungamo, densiti na ujazo: funika hiki, gawanya hiki. Pembetatu inakuonyesha kipi juu kipi chini, basi. Haina habari kama juu umeweka gramu na chini umeweka lita. Ukiitegemea peke yake utapata jibu kila mara, na ndiyo hatari yenyewe, kwa sababu jibu bovu nalo ni jibu, linakaa kwenye mstari likiwa limenyooka vizuri.

Kizio, yaani ile kg, cm³ au m³, kiandikwe kwenye kila namba, kila mstari, mpaka jibu. Si mstari wa mwisho peke yake. Kwenye kazi yako vizio vimefanya kama mgeni wa Tanga, waja leo waondoka leo: mstari wa kwanza vipo, wa pili na wa tatu havipo, wa nne vimerudi na jina jipya. Ungeandika "25 cm³ ÷ 100 cm", ungeona mwenyewe kwamba cm³ kwa cm inabaki cm², ambayo ni eneo. Hakuna jiwe lenye ujazo wa eneo.

Mafuta ya nazi, haya, kwa kifupi: densiti yake ni karibu 0.92 g/cm³, maji ni 1.00, ya maji ya bahari ni karibu 1.025, kwa hiyo mafuta yatakaa juu ya yote mawili. Lakini angalia mtego ule ule. Ukiulizwa tungamo ya mafuta kwenye dumu la lita 5, ukakimbilia 920 × 5, unapata 4,600. Kilo? Dumu hilo utalibeba kwa lori. Lita 5 ni 0.005 m³, 920 kg/m³ × 0.005 m³ = 4.6 kg. Vizio vikiwepo, m³ inakatana na m³, inabaki kg, unajua uko njiani.

Kuhusu kipimo chenyewe, pima jiwe kwenye mizani likiwa kavu, kabla ya kulilowesha. Lifunge uzi mwembamba, inamisha silinda ulishushe polepole. Ukilidondosha maji yataruka nje, au chini patatoboka na mwenye maabara atakuuliza wewe. Soma sehemu ya chini ya mkunjo wa maji, jicho likiwa usawa wake. Usichukue kijiwe cha cm³ 3, kwa sababu ukikosea mstari mmoja wa mililita umepoteza theluthi ya ujazo. Chukua cha cm³ 20 na kuendelea. Na kama ni jiwe la matumbawe lile lenye vitundu, litakunywa maji na kushika viputo, ujazo utakudanganya. Gongagonga silinda kwa kidole viputo vitoke, au tafuta jiwe lisilo na vitundu.

Rudia hesabu yote uibandike hapa nikague. Mstari usio na kizio siusomi.