Anzeni na Skrini: Ushauri kwa Wanaopanga Mradi wa Kwanza wa Maikrokontrola

Wengi wanaojifunza elektroniki nyumbani hapa Uganda huanza kwa kuuliza wanunue bodi gani ya maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja inayoendesha kifaa), ilhali katika mradi wenye skrini ya mguso swali hilo linapaswa kuja la pili. Skrini ndiyo inayodai kumbukumbu na pini (miguu ya kuunganishia waya) nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa hiyo ndiyo inayoamua bodi.

Tuseme mnataka kuwatengenezea wafugaji wa kuku kidhibiti cha mashine ya kutotolesha vifaranga, ambayo hulinda joto la nyuzi 37.5 hivi kwa muda wa siku 21. Skrini ya pikseli (nukta) 320 kwa 240, yenye rangi za biti 16, yaani baiti 2 kwa kila nukta, huhitaji baiti 153,600 kwa picha moja kamili, nayo Arduino Uno R3, bodi inayotumiwa sana na wanaoanza, ina RAM (kumbukumbu ya kazi) ya baiti 2,048 tu. Inaweza kuchora maandishi kipande kwa kipande, lakini menyu zenye vitufe na grafu zitaielemea mapema. ESP32, maikrokontrola yenye nguvu zaidi, ina RAM ya kilobaiti 520, na ingawa programu yenu haitazipata zote, mkitenga nafasi ya sehemu moja ya kumi ya picha, yaani baiti 15,360, na kuichora kipande kwa kipande, kazi itakwenda vizuri. Tena kutuma picha nzima kwa SPI (njia ya waya chache ya kupitishia data kati ya bodi na skrini) ya megahezi 40 huchukua takriban milisekunde 31. Choreni upya tarakimu zilizobadilika pekee, na usomaji wa kihisi joto usisubiri uchoraji hata kidogo.

Kagueni volti kabla ya kuunganisha waya wowote. ILI9341, chipu inayoendesha skrini nyingi za aina hii, hutumia mawimbi ya volti 3.3, na pini za Uno hutoa volti 5, ambazo zinaweza kuiharibu.

Kuhusu mguso, mimi napendelea skrini inayohisi mgandamizo kuliko ile inayohisi chaji ya kidole, kwa sababu mfugaji anaweza kuibonyeza kwa ukucha au akiwa amevaa glavu. Inahitaji kurekebishwa ili mahali paonekanapo kitufe na mahali paguswapo palingane, na vitufe viwe vikubwa.

Jambo ninalosisitiza zaidi ni umeme kukatika, maana sote tunajua hali ilivyo. Hifadhini joto lililowekwa na tarehe ya kuanza katika kumbukumbu ya flashi, isiyopotea umeme ukikatika, ila andikeni pale tu thamani inapobadilika, kwani flashi huchakaa kwa kufutwa na kuandikwa mara kwa mara. Chipu ya saa ya DS3231 yenye betri yake ndogo itaendelea kuhesabu siku bodi ikiwa imezimika. Kabla ya kuweka yai hata moja, chomoeni plagi, ngojeni kidogo, kisha rudisheni umeme mhakikishe kwamba skrini inaonyesha siku ile ile na kwamba joto linapanda lenyewe bila mtu kugusa chochote.