Jibu la KRAS kwenye kifuko cha kongosho

Dada yangu wa Wete, umeuliza kama jibu la maabara "KRAS imebadilika" (KRAS ni jeni), katika maji yaliyovutwa kwenye kifuko cha kongosho la mama, maana yake ni saratani. Hapana. Badiliko la KRAS au la jeni nyingine, GNAS, linaonesha kuwa kifuko ni cha aina ya ute. Baadhi ya vifuko hivyo hugeuka saratani kwa miaka, vingi havigeuki. Ingekuwa jeni ya VHL peke yake iliyobadilika ningekwambia ulale usingizi, kwani vifuko vyenye badiliko hilo ni vya majimaji mepesi na kwa kawaida havina hatari.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni jeni za TP53 au SMAD4 zikionekana zimebadilika pamoja na KRAS. Hizo kazi yake ni kuzuia seli zisizae ovyo. Zikiharibika, mambo huenda yamekwenda mbali. Itazame tena karatasi, zimetajwa?

Halafu jeni peke yake haziamui. Muulize daktari: upana wa mfereji wa kongosho umefika milimita 10? Kuna kinundu ukutani mwa kifuko? Na macho ya mama yakiwa manjano, usingoje meli ya wiki ijayo, mpeleke hospitali. (Hiyo mitishamba ya kuyeyusha uvimbe mrudishie aliyekuuzia.)