Koti la msumarini

Mhariri, wiki hii mmeuliza: msanii anayejipiga picha akiwa amejifanya shujaa wa historia, anamuenzi au anamfanyia mzaha?

Kazi ya picha niliianzia studio ya mjomba, Tanga. Ukutani palikuwa na msumari, na msumarini koti moja la bluu pamoja na tai iliyokwisha kufungwa. Mvuvi aliingia na msuli wake, kwenye picha akatoka karani. Mgongoni koti tulilibana kwa vibanio vya nguo, kamera haivioni. Hakuna aliyeuita uongo. Picha ilikuwa inakwenda nyumbani.

Samuel Fosso, mpiga picha anayejipiga akiwa amejigeuza watu wengine, naye katokea kwenye studio za namna hiyo. Kazaliwa Kameruni 1962, kakulia Nigeria kwa Waigbo hadi vita vya Biafra, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Nigeria, vilipompokonya utoto, kisha 1975 akafungua studio yake Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, akiwa na miaka 13. Wateja wakiisha na mkanda una nafasi mbili tatu, alijipiga mwenyewe, ampelekee bibi yake Nigeria aone kuwa yu mzima. Sisi pia tulimalizia mikanda hivyo, ila zetu zilifia kwenye droo.

Mwaka 2008 akatoa African Spirits, picha za rangi nyeusi na nyeupe ambamo yeye ndiye Lumumba, ndiye Nkrumah, ndiye Angela Davis, mwanaharakati wa Marekani, na nywele zake, ndiye Tommie Smith, mkimbiaji wa Olimpiki, na ngumi juu. Ile ya Martin Luther King ndiyo iliyonikamata. Mwenye nia ya mzaha angemchukua King wa jukwaani, mikono hewani, mdomo wazi. Fosso kachukua ile picha ya 1956 aliyopigwa King na polisi wa Montgomery, Marekani, walipomkamata: suti, tai, na kibao kifuani chenye namba 7089. Koti letu mteja alilivaa kwa hiari yake. Kibao kile King alivishwa. Fosso kakivaa kwa kutaka mwenyewe, nusu karne baadaye, ndani ya studio. Mimi hiyo naiita heshima.

Siyo kila mara, lakini. Mwaka 2013 alipojifanya Mao, kiongozi wa China, na kuuita mfululizo ule Emperor of Africa, kejeli ilikuwa wazi, na kwa jinsi China inavyochimba na kujenga barani kwetu, sikumlaumu.

Kwa mazoea ya kazi, kwenye ile ya King nilianza na mabega, nitafute vibanio. Suti imemkaa.