Ukitaka kuandaa tamasha na wakimbizi, anzia kwenye mazoezi

Tamasha la kwanza nililosaidia kuandaa kwa ajili ya wakimbizi, wao walikuwa watazamaji. Walipangwa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, wakasikiliza hotuba baada ya hotuba. Ilipofika zamu yao, mshereheshaji akampa mama mmoja kipaza sauti na kumwomba atusimulie aliyopitia. Akaanza vizuri. Alipofika pale alipopoteana na mwanawe njiani akanyamaza, akakirudisha kipaza sauti, akaondoka. Muziki ukafunguliwa harakaharaka. Ratiba ile niliiandika mimi, na kipengele hicho nilikipa jina mwenyewe: "Ushuhuda, dakika 10."

Tangu hapo nimeshiriki shughuli kadhaa, nyingine zimefana, nyingine tumeziburuza tu hadi jioni. Vijana wakiniuliza waanzie wapi, huwaambia: fedha na nguvu zenu ziwekeni kwenye mazoezi. Tamasha lenyewe huisha jioni moja. Mazoezi huchukua wiki 6 au zaidi, na kwa muda wote huo mtu ana mahali pa kwenda kila Jumanne, na akikosa yuko atakayemuuliza, "Mbona juzi hatukukuona?" Aliyepoteza nyumba, kazi na majirani kwa mkupuo mmoja hushinda akisubiri: foleni, karatasi, majibu. Kwenye mazoezi, angalau mara moja kwa wiki, wapo watu wanaomsubiri yeye.

Nakumbuka kikundi kimoja ambako wazee wawili walibishania wimbo wa harusi. Mmoja anasema bibi harusi huitwa mara tatu ndipo kiitikio kiingie. Mwenzake anasema mara mbili, hiyo ya tatu ni ya watu wa ng'ambo ya mto. Sauti zikapanda. Wa kwanza akasimama kupiga makofi aonyeshe mapigo yanavyokwenda, wa pili akamkatiza kwa kukanyaga mguu. Mwenzangu alitaka kuingilia awaamue, nikamshika mkono. Watoto waliozaliwa ugenini, wale ambao lugha ya babu zao huisikia wakigombezwa tu, walikuwa wameacha mpira, wamekaa chini, macho yanakwenda huku na huku. Na yule aliyekuwa akikanyaga mguu, majirani zake walishaniambia kwamba hasemi na mtu.

Basi kila mtu awe na kazi, hata ya kushika daftari la nguo za jukwaani. Katika kambi ya Dzaleka, Malawi, kuna Tamasha la Tumaini lililoanzishwa mwaka 2014 na mshairi Menes la Plume, mwenyewe mkimbizi kutoka Kongo. Ninachokipenda pale ni kwamba wageni kutoka nje ndio wanaoingia kambini, na wakazi wa kambi ndio wanaowakaribisha. Mtu aliyezoea kupokelewa, siku hiyo anapokea.

Kuna mengine niliyojifunza kwa kuumbuka. Fataki marufuku, na puto pia. Tuliwahi kupamba ukumbi kwa puto, watoto wakazipasua, na kijana mmoja akajikuta chini ya meza huku wenzake wakimcheka. Hakurudi tena. Picha nazo zina hatari yake: wapo waliokimbia watu wanaoendelea kuwatafuta, na picha moja mtandaoni hutaja walipo. Omba ruhusa kabla, tena kwa mtu mmojammoja, maana hakuna anayethubutu kukataa mbele ya umati. Nyimbo zipitieni mapema pamoja na watu wa pande zote, kwani wimbo wa ushindi kwa huyu unaweza kuwa tusi kwa yule. Na malizeni jua lingali juu, akina mama wafike nyumbani na mwanga.

Asiyetaka kucheza msimvute mkono. Huenda ana msiba ambao hajapata hata pa kuuombolezea. Mwekeeni kiti pembeni, penye kivuli.

Tusijidanganye pia kwamba ngoma inatibu kila kitu. Mwongozo wa mwaka 2007 wa IASC, kamati inayounganisha mashirika ya misaada, unaipanga misaada ya afya ya akili wakati wa dharura katika tabaka 4. Chini kabisa ni usalama na mahitaji ya msingi, juu yake ni nguvu za familia na jamii, kisha msaada wa karibu zaidi kwa wanaouhitaji, na kileleni ni wataalamu. Sisi tuko tabaka la pili. Mwenye njaa hatumshibishi kwa kiitikio, na anayesema hataki kuishi anahitaji mhudumu wa afya leo hii. Namba ya mhudumu huyo iwe mfukoni mwako kabla hujakodi spika.

Wengi hupanga shughuli zao tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, ambayo imekuwa ikiadhimishwa tangu mwaka 2001. Sina ugomvi na tarehe. Ila nimechoka kuona turubai likikunjwa tarehe 21 na vikundi vikifa siku hiyohiyo. Kama bajeti ni ndogo, punguzeni jukwaa, mbakize nauli ya mazoezi ya Julai.

Wale wazee? Siku ya tamasha kila mmoja aliongoza kwa namna yake, na watoto wakaitikia zote mbili. Jumanne iliyofuata niliwakuta wameshafika, bado wanabishana.